Pumziko la Librado

Alhamisi ambayo maonyesho ya jimbo yalipaswa kufunguliwa, Eduvigen Tafoya aliamka na hakusikia kondoo.

Alikaa kitandani akitega sikio. Tangu aolewe mtaa ule, Septemba ilikuwa ikimwingilia nyumbani kupitia ukutani: kondoo wakilalama, majogoo wakishindana, mtu akijaribu kipaza sauti, na moshi wa pilipili za kijani zikizungushwa kwenye mapipa ya waya juu ya moto. Leo friji ilikuwa inanguruma peke yake jikoni.

Alivaa, akafunga magoti kwa bandeji, akachukua maua ya plastiki, kitambaa na chupa ya maji, akavuka barabara. Nyumba yake ilitazamana na geti la mifugo. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo mpya, na kando yake kulikuwa na bango refu kuliko paa la nyumba yake, lenye picha ya watu wembamba wakinywa kahawa chini ya miti ambayo haikuwapo. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, kofia machoni.

"Maonyesho hakuna mwaka huu, bibi," alisema bila kuinuka. "Yamehamia Llano Seco. Yatafunguliwa mwakani."

"Siendi kwenye maonyesho. Nina mtu wangu humo."

Mlinzi aligeuka akatazama mabanda matupu, uwanja wa farasi, gurudumu kubwa lililokwisha kung'olewa viti. "Humo hamna mtu."

"Yuko mlangoni mwa banda la kondoo. Amekuwa hapo miaka kumi na tisa."

Mlinzi aliyatazama yale maua, akaelewa nusu yake. "Ukipata karatasi ya ofisini nitakufungulia. Bila karatasi ni kibarua changu kinaota nyasi."

Basi aliyachomeka maua kwenye wavu wa geti, akasimama hapo mpaka jua lilipoanza kumchoma shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza Librado kukosa maua.

Librado alikuwa mwanawe wa pekee, seremala wa kutwa. Mwaka ule, Jumatano, siku moja kabla ya ufunguzi, walimpandisha kwenye paa la banda la kondoo kuziba matundu, kwa sababu gavana alikuwa anakuja na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya mlima. Boriti lilikuwa limeoza. Maseremala walikuwa wamelisema tangu theluji ilipoyeyuka, na kamati ilikuwa imejibu kwamba fedha za mwaka ule zilikuwa za kupaka rangi geti kuu. Boriti lilikatika, akaanguka nalo mlangoni. Walimwaga maranda ya mbao pale chini, na kesho yake maonyesho yakafunguliwa saa ile ile ya kila mwaka.

Kibarua hana fidia. Mkurugenzi wa wakati ule, mzee mwenye mashavu mekundu, alikuja jikoni kwa Eduvigen na kofia yake mkononi, akakataa kukaa. Alisema mambo mawili. Kwamba Eduvigen atakuwa na kibanda chake cha chakula kwenye maonyesho kila mwaka mpaka afe, bila kushindana na mtu. Na kwamba msalaba wa Librado utasimikwa pale pale, na hakuna atakayeugusa. Hakuandika. Alimpa mkono, na Eduvigen akaupokea.

Kwa watu wa kwao, mtu aliyefia njiani au kazini huzikwa makaburini kama wengine, lakini pale roho ilipomtoka husimikwa msalaba mdogo. Huko huita pumziko. Kaburi hubeba mwili, na mwili waweza kuhamishwa. Pumziko halihamishwi, maana halina kitu ndani yake ila mahali penyewe. Mbao za msalaba wa Librado zilikatwa kwenye mlango wa zizi la babu yake. Chini yake wafugaji walikuwa wameweka mawe, kila aliyepita na kondoo wake jiwe moja, mpaka ikawa chungu ya kufika gotini. Wengine hawakujua hata jina la marehemu. Waliweka tu, kwa sababu aliyetangulia aliweka.

*

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini. Barua ilikuwa na sahihi ya Adelmo Baca, naibu mkurugenzi, na Eduvigen akapumua. Adelmo alikuwa amesoma na Librado. Alikuwa amekula maandazi ya asali jikoni kwake, akijifutia mikono kwenye suruali.

Lakini chumbani walikuwa wawili. Kando ya Adelmo aliketi mama mmoja wa kampuni ya ujenzi, Bi Halvorsen, mwenye nywele fupi za mvi na tabasamu lisilochoka.

"Karibu, Bi Tafoya," alisema Adelmo.

Eduvigen alitafuta kiti. Hakuwahi kuitwa Bi Tafoya na mtoto huyu.

"Nimekuja kuomba karatasi ya mlinzi," alisema. "Nimpelekee Librado maua."

"Tuna jambo zuri zaidi ya hilo," alisema Bi Halvorsen. "Tumeguswa sana na habari za mwanao. Sana. Kwenye viwanja vipya tunatengeneza Bustani ya Kumbukumbu, pale pale mlangoni. Msalaba wake tutauweka katikati. Na bamba la shaba lenye jina lake."

"Ahsante. Lakini pumziko halihami."

"Tutauhamisha kwa uangalifu mkubwa."

"Sisemi mtauvunja. Nasema halihami. Hakufia Llano Seco."

Bi Halvorsen alimgeukia Adelmo, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa. Adelmo alikohoa.

"Bi Tafoya, ile ardhi imeshauzwa. Kitu chochote kitakachobaki humo mwisho wa Oktoba kinahesabika ni takataka. Ndiyo sheria. Mimi nimepigana hapa ili msalaba usihesabike ni takataka."

"Na kibanda changu?"

Nje mtu alikuwa anang'oa mabati, na kila bati lilipoanguka Bi Halvorsen alifumba macho.

"Vibanda vya huko vimechukuliwa na kampuni moja ya chakula," alisema Adelmo. "Wameshinda mnada."

"Mimi sishindani. Mkurugenzi alinipa mkono."

"Amekufa, Bi Tafoya. Na mkono wake amekwenda nao." Alisema hivyo, kisha masikio yakamwiva. "Nimetafuta kwenye mafaili yote. Hamna kitu."

"Lakini," alisema Bi Halvorsen, akiinamia meza, "familia ya Bustani ya Kumbukumbu ni familia yetu. Tumeongea na wale wa chakula. Wewe utapata dirisha lako la kuuzia chakula, miaka mitatu, bila mnada. Tunachoomba ni uje siku ya sherehe ya kuuhamisha msalaba. Useme maneno mawili. Kwamba familia imeridhia."

"Familia ni mimi."

"Ndiyo hapo."

Eduvigen alijitazama mikono. Siku kumi na moja za kibanda ndizo zilizokuwa zikimlisha mwaka mzima, gesi ya majira ya baridi ikiwemo na kodi ya nyumba. Na kodi ya nyumba ilikuwa imepanda tangu lile bango lisimikwe, kwa kuwa sasa nyumba yake, yenye ukuta wa udongo uliopasuka, ilikuwa inatazamana na kahawa na miti.

"Mwanangu," alimwambia Adelmo, "pale Librado alipoangukia patakuwa na nini?"

Adelmo alionekana kushukuru kwamba kuna swali analoweza kulijibu. Alimwonyesha ramani iliyobandikwa ukutani. Majengo yalikuwa ya rangi ya mchanga, barabara kijivu. Aliweka kidole kwenye geti la mifugo, akakisogeza mpaka kikafika mahali banda la kondoo lilipokuwa. Hapo palikuwa na kijani kitupu, kipana kama kitambaa cha meza.

"Bustani," alisema. "Nyasi. Watoto watacheza. Hapajengwi nyumba hapo."

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu, mama," alisema Adelmo. Neno lilikuwa limemponyoka.

Eduvigen alikitazama kile kijani kwa muda mrefu. Kisha alisema ameridhia.

*

Jirani yake, mzee Onofre, alikuwa amefanya useremala na Librado, na siku ile ndiye aliyekuwa ameshika ngazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatema ganda la mbegu.

"Umewapa pumziko la mtoto wako wakapambie mlango?"

"Nimewapa msalaba. Sijasema upi."

Onofre alimtazama. Kisha akaanza kucheka kimyakimya, mabega tu.

"Wewe mwanamke, shetani anakuja kwako kuchukua masomo."

"Unaweza?"

"Nipe siku tatu. Na siki."

Alikata mbao za msonobari kwa vipimo vya ule wa zamani, vipimo alivyokuwa navyo kichwani kwa sababu ndiye aliyeukata. Alilowesha misumari yenye kutu kwenye siki mpaka ikawa kama chai iliyosahauliwa, akapaka, na ubao mpya ukazeeka mbele ya macho yao, ukawa kijivu cha mvua na jua. Upande mmoja akauchoma kidogo kwa mshumaa, pale ambapo wafugaji walikuwa wakisimamisha mishumaa yao. Eduvigen alipitisha kidole. Ilimtia baridi jinsi ulivyofanana.

Karatasi ya ofisini safari hii ilipatikana upesi. Ilisema Bi Tafoya na fundi wake waruhusiwe kuutayarisha msalaba. Waliingia saa za chakula cha mchana na lori dogo la Onofre, ule mpya ukiwa umefunikwa turubai. Mlinzi aliwafuata mpaka mlangoni mwa banda, akakaa kwenye kivuli na mkate wake wa nyama.

"Mbona mnachimba sana?" aliuliza baadaye.

"Una mizizi," alisema Onofre.

"Msalaba una mizizi?"

"Wa kwetu, ndiyo."

Mlinzi alicheka, akarudi kwenye mkate wake. Simu ilipomwita akaondoka nayo kuelekea getini, ambako mtandao ulikuwa mzuri.

Walishusha ule wa kweli ardhini ukiwa umelala, Onofre shimoni mpaka kifuani, Eduvigen akimpokeza kutoka juu. Onofre aliuweka uso juu, kama walivyomlaza Librado kaburini. Mawe mengine wakayatia humo humo, lile la kwanza kabisa likiwa katikati. Walifukia, wakasimika ule wa uongo juu yake, wakapanga mawe yaliyobaki.

"Sasa nyasi zije," alisema Eduvigen.

Siku ya sherehe palikuwa na kamera na bendi ya shule. Bi Halvorsen alivaa nyeusi. Adelmo alisoma kutoka kwenye karatasi kwamba Librado Tafoya alitoa maisha yake kwa ajili ya maonyesho haya. Eduvigen, aliyeambiwa aseme maneno mawili, alisema mawili tu: "Familia imeridhia." Watu wakapiga makofi. Vijana wanne wenye glavu nyeupe wakaung'oa msalaba wa Onofre, wakaulaza kwenye sanduku lenye sponji. Onofre alivua kofia akajifunika nayo mdomo mpaka gari lilipoondoka.

Usiku ule Eduvigen alilala vizuri. Alilala vizuri mwezi mzima.

*

Mitambo ilikuja kabla ya Krismasi. Ilianza na uwanja wa farasi, ikala ukumbi wa mapishi, ikaelekea mabandani. Eduvigen alikuwa anaitazama kutoka dirishani kama mtu anayetazama mvua akiwa amekaa ndani. Banda la kondoo likaanguka kwa nusu siku. Sawa. Wakasawazisha. Sawa pia, nyasi hazioti juu ya vifusi. Kisha mtambo wenye ndoo kubwa ukasimama pale pale ukainamisha shingo, ukaanza kuchimba.

Ulichimba mpaka jioni. Kesho yake haukuonekana tena kutoka dirishani, ulikuwa umeshuka. Sauti tu ndiyo iliyokuwa inapanda.

Alivuka barabara na kandambili zake za ndani miguuni. Geti lilikuwa wazi kwa ajili ya malori. Alifika ukingoni kabla mtu hajamwona, akatazama chini. Shimo lilikuwa na njia ya kuteremkia na malori chini yake yakipakiwa udongo, madogo kama ya kuchezea. Mtu mwenye kofia ya manjano alimkimbilia akipiga kelele, akamshika mkono, akamrudisha barabarani.

Alikwenda ofisini kwa Adelmo na kandambili zile zile.

"Ulisema nyasi."

"Zitakuwepo nyasi, mama. Kaa kwanza. Mbona unatetemeka?"

"Wanachimba!"

"Maegesho," alisema Adelmo polepole. "Kijani ni juu. Chini ni magari, ghorofa tatu. Kisha linawekwa paa, udongo kidogo, nyasi. Ramani zote ziko hivyo siku hizi, mama. Mimi nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi?"

Adelmo aligeuza macho kwenye ramani ukutani.

"Wasimamishe," alisema Eduvigen. "Leo tu. Mpigie yule mama. Pumziko la Librado liko humo, tulilizika. Ule wa Llano Seco ni wa uongo, Onofre aliuchonga kwenye kibanda chake, aliupaka siki. Niadhibuni mimi. Lakini wasimamishe."

Adelmo aliinuka akafunga mlango. Alirudi, hakukaa kwenye kiti chake. Alikaa kwenye kile cha wageni, kando yake, magoti yao yakakaribiana.

"Mama. Sijasikia ulichosema."

"Nirudie?"

"Usirudie. Nisikilize. Lile bamba limeshapigiliwa. Picha imetoka gazetini. Yule mama ameipeleka mpaka kwa wenye fedha zake huko pwani. Nikinyanyua simu sasa hivi, unajua kitakachotokea? Mtambo hautasimama. Dirisha lako litakwenda. Mimi nitakwenda. Na wewe utaitwa mwongo aliyewachezea shere kwa msiba wa mtoto wako."

"Na Librado?"

"Ule wa kwenye picha," alisema Adelmo, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli, "ndio msalaba wa Librado. Umeelewa? Tangu leo ndio huo."

"Uliwahi kuweka jiwe wewe," Eduvigen alisema. "Nilikuona. Mwaka ulipomaliza chuo."

Adelmo alitazama mikono yake.

"Yale malori," Eduvigen aliuliza, "udongo wanaupeleka wapi?"

"Unauzwa, mama. Anayeuhitaji ananunua. Unakwenda kila upande."

Alimfungulia mlango, akamwomba mtu ampeleke Bi Tafoya nyumbani kwa gari, kwa sababu nje palikuwa na barafu na yeye alikuwa na kandambili.

*

Sasa ni Septemba ya tatu ya Llano Seco. Huko hakuna mlima wa kuzuia upepo, na mabanda ni ya chuma cheupe. Dirisha la Eduvigen ni la tisa. Pilipili zinakuja zimeshachomwa, ndani ya mifuko, na haruhusiwi kuongeza kitunguu saumu chake. Kutoka dirishani anaiona Bustani ya Kumbukumbu vizuri. Watu hupiga picha. Wanawake wa kwao, waliokuja na mifugo, hupiga ishara ya msalaba na kuweka mawe, na mmoja wao humgeukia na kumwambia, "Msalaba umepatiwa mahali pazuri, jirani," naye huuliza kama wanataka pilipili nyekundu au ya kijani. Mkataba wa dirisha unakwisha mwaka huu. Bi Halvorsen alishahamia mradi mwingine.

Jumatano, siku moja kabla ya ufunguzi, kabla ya kwenda Llano Seco kupanga vyombo, Onofre humchukua kwa lori dogo. Kuingia kwenye maegesho kwa miguu hairuhusiwi. Mwaka wa kwanza alijaribu, wakamtoa. Mwenye gari haulizwi. Wanachukua tiketi kwenye mashine, kizuizi kinainuka, wanateremka kwa kuzunguka, taa zinawaka zenyewe mbele yao.

"Hapa," alisema Onofre safari hii.

"Mwaka jana ulisema kwenye nguzo ile."

"Mwaka jana nilihesabu kutoka kwenye ngazi. Ngazi wameihamisha."

"Basi sogeza kidogo."

Alisogeza kidogo, akazima injini. Walikaa. Eduvigen alikuwa na maua mapajani. Hakuna pa kuyaweka, mfagiaji huyachukua. Juu yao palikuwa na dari ya zege yenye bomba jekundu la maji ya kuzimia moto.

"Tena si hapa," alisema Onofre baada ya muda. "Tumeshuka mno. Alipoangukia ni huko juu." Alinyoosha kidole kwenye kioo cha mbele, kwenye hewa iliyo kati ya sakafu na sakafu. "Labda pale kwenye bomba."

Eduvigen alilitazama bomba.

Mlinzi alipita na tochi, si yule wa zamani. Alimulika kiti cha mbele, akaona wazee wawili na maua.

"Mnamsubiri mtu?"

"Ndiyo," alisema Eduvigen.

Mlinzi alitazama saa yake, akawakumbusha kwa adabu. Saa ya kwanza ni bure. Ikipita, kizuizi hakiinuki mpaka ulipe.